Jina la Siku ya Saba

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 2:1–3; Kutoka 16:22–30; Kutoka 20:8–11; Kumbukumbu la Torati 5:12–15; Isaya 58:6–14; Marko 2:27, 28; Luka 18:12; Luka 23:54–24:1; Waebrania 4:9, 10.

Fungu la Kukariri: Kutoka 20:8. Lisome katika Biblia yako na ulikariri kwa Kiswahili, na kwa lugha ya nyumbani kwenu kama unayo.

Ilikuwa msimu wa pamba. Nilisimama mbele ya darasa la Shule ya Sabato hapa Lalago nikiwa na karatasi kubwa niliyoiandika kwa mkono. Juu yake nilikuwa nimepanga majina ya siku ya saba katika lugha za Ulaya: Kiitaliano "sabato", Kihispania "sábado", Kipolandi "sobota", Kirusi "subbota", na mengine mengi. Nilisoma jina baada ya jina, kisha nikasema kwa sauti ya ushindi kwamba mataifa yenyewe yanakiri kwa vinywa vyao siku ya Bwana ni ipi.

Kijana mmoja aliyeketi benchi la nyuma akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "hizo ni lugha za wenzetu. Katika lugha yetu siku ya leo inaitwa Jumamosi, na mosi ni moja. Je, tunaabudu siku ya saba au siku ya kwanza?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikamjibu kwamba hilo ni jina tu. Yeye hakucheka. Akauliza tena: "Kama la kwetu ni jina tu, la Waitaliano nalo si jina tu?"

Kengele ikalia kabla sijapata jibu, na moyoni nilishukuru. Sabato iliyofuata kijana yule hakuja. Ile ya pili pia hakuja.

Juma hili tutajifunza habari za neno moja, Sabato: lilikotoka, lilivyopita katika lugha za Ulaya, na lilivyobadilishwa maana njiani. Tutauliza neno hilo linaweza kushuhudia nini, na ni mzigo gani tusioweza kulitwisha. Mwishoni tutamrudia kijana yule, maana swali lake lilistahili kujibiwa vizuri kuliko nilivyolijibu.

Jifunze somo hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.


JUMAPILI
Neno Lilikotoka

Soma Mwanzo 2:1–3. Je, neno "Sabato" limo katika mafungu haya? Ni tendo gani linalotajwa?

Msomaji makini atagundua kwamba jina lenyewe halimo. Kilichomo ni tendo. Musa anaandika kwamba Mungu alimaliza kazi yake, akaacha kufanya kazi, akaibariki siku ile na kuitakasa. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika pale ni "shavat", yaani kukoma, kuacha, kupumzika. Kutokana na mzizi huo lilikuja jina "shabbat". Katika Biblia jina hilo linaonekana kwa mara ya kwanza katika Kutoka 16:23, jangwani, katika habari ya mana.

Huu ni mpangilio wa kutafakari. Tendo lilitangulia, jina likafuata. Mungu alipumzika kwanza, na watu wakaja kuiita siku ile kwa jina la alichokitenda.

Katika Kiebrania siku nyingine za juma hazina majina yao wenyewe. Zinahesabiwa tu: siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, hadi ya sita. Ni siku moja tu iliyopewa jina. Hesabu yote inatembea kuielekea siku hiyo, kama watu wanaotembea kuelekea nyumbani.

Wayahudi waliotawanyika katika nchi za Wagiriki walilichukua neno hilo pamoja nao. Katika Kigiriki likawa "sabbaton", na katika Kilatini likawa "sabbatum". Hawakulitafsiri kwa neno lingine la Kigiriki lenye maana ya pumziko, ingawa maneno hayo yalikuwapo. Walilibeba kama lilivyo, kama mtu anavyobeba jina la ukoo wake anapohamia nchi ya mbali.

Soma Luka 18:12. Farisayo anasema alifunga mara ngapi, na katika muda gani?

Biblia zetu zinasema alifunga mara mbili kwa juma. Katika Kigiriki cha Luka neno lililotumika hapo ni "sabbaton". Siku moja ilikuwa na uzito kiasi kwamba jina lake lilitumika kwa siku zote saba. Majirani zetu wa Uganda wanalielewa jambo hili bila kufundishwa, kwa kuwa katika Kiganda neno "ssabbiiti" linatumika kwa maana ya juma.

Mungu alitenda kwanza, jina likaja baadaye. Je, katika maisha yako ya kiroho kipi kimetangulia: kuitwa Msabato, au kupumzika katika Mungu?


JUMATATU
Safari ya Neno Katika Ulaya

Soma Matendo 13:42–44 na 16:13. Neno "Sabato" lilikuwa likisikika wapi, na miongoni mwa watu gani?

Paulo aliikuta Sabato ikiwa tayari inajulikana Antiokia ya Pisidia na Filipi. Filipi ni mji wa Makedonia, ndani ya Ulaya. Kwa hiyo neno hili lilifika bara lile mapema, kwa vinywa vya Wayahudi na baadaye vya Wakristo.

Liliingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni Kilatini, "sabbatum". Waitaliano wanasema "sabato", sawasawa na sisi. Wahispania na Wareno wanasema "sábado". Wakatalani, wanaoishi Barcelona na maeneo ya jirani, wanasema "dissabte", yaani siku ya Sabato.

Mlango wa pili ni Kigiriki cha watu wa kawaida, ambacho baadhi ya wasemaji wake waliingiza sauti ya "m" na kutamka "sambaton". Ndiyo maana Waromania wanasema "sâmbătă" na Wahungaria "szombat". Wafaransa wanasema "samedi", na Wajerumani wa kusini "Samstag". Ukiyatazama maneno haya mawili ya mwisho huwezi kuiona Sabato upesi. Lakini "samedi" ni Sabato na neno la Kilatini la siku yaliyounganishwa na kufupishwa, na "Samstag" katika Kijerumani cha kale lilikuwa "sambaztac". Ni kama jiwe la mtoni: maji yamelilainisha, lakini bado ni lile lile.

Kisha kuna mataifa ya Waslavi. Wapolandi, Wacheki, Waslovakia na Waslovenia wanasema "sobota". Wakroatia, Waserbia na Waukraine wanasema "subota", na Warusi "subbota". Nao Wagiriki hadi leo wanasema "Sávvato".

Mwishoni mwa karne ya 19 William Mead Jones, mchungaji wa Wabaptisti wa Siku ya Saba jijini London, alikusanya majina ya siku za juma kutoka lugha 160 na kuyapanga katika chati. Tangu wakati ule orodha za namna hiyo zimenakiliwa na kunakiliwa tena. Karatasi yangu ya Lalago ilikuwa mjukuu wa mjukuu wa chati ile.

Ushuhuda wa majina haya una thamani gani? Fikiri hivi. Mataifa mengi niliyoyataja hayakuitunza siku ya saba. Kwa karne nyingi yalikwenda kanisani siku ya kwanza. Hawakuwa na faida yoyote ya kuiita siku iliyotangulia "Sabato". Shahidi asiye na maslahi katika kesi husikilizwa kwa makini. Mkulima wa Poland aliyekwenda sokoni siku ya "sobota" hakuwa akitetea fundisho lolote. Alitaja tu jina alilolikuta kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake. Kwa karne nyingi walikumbuka siku hiyo ilikuwa ipi, hata pale ambapo hawakuikumbuka kwa kuitakasa.

Mtu anaweza kulitaja jina la Sabato kila juma, maisha yake yote, na asipumzike hata mara moja. Je, jambo hilo linawezekana kwa Mpolandi tu? Eleza.


JUMANNE
Lugha Zilizokwenda Njia Nyingine

Soma Mithali 18:17. Fundisho la fungu hili linatuonya nini tunapopanga ushahidi wa upande wetu?

Kosa langu siku ile halikuwa kusema uongo. Kila jina nililolisoma lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuyaacha nyumbani majina yasiyonisaidia. Leo tuyasome.

Waingereza wanasema "Saturday", na Waholanzi "zaterdag". Majina haya yanatokana na Saturn, mungu wa Warumi ambaye jina lake lilipewa pia sayari. Warumi walikuwa na desturi ya kuziita siku saba kwa jua, mwezi na sayari tano walizozijua, na desturi hiyo ilibaki katika lugha za kaskazini. Wawelisi na Waayalandi nao wanamtaja Saturn katika jina la siku hii.

Waswidi wanasema "lördag", na Wadenmaki na Wanorwei "lørdag". Asili yake ni neno la kale lenye maana ya siku ya kuoga. Wafini waliliazima na kusema "lauantai". Kwa watu wa kaskazini siku ya saba ilikumbukwa kwa maji ya moto.

Wajerumani wana majina mawili kwa siku moja. Kusini wanasema "Samstag", lenye Sabato ndani yake. Kaskazini na mashariki wengi wanasema "Sonnabend", yaani jioni inayotangulia Jumapili. Wamisionari wetu wa kwanza waliofika Upare mwaka 1903, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walitumwa kutoka Ujerumani, nchi yenye majina yote mawili. Lakini siku waliyoifundisha milimani kule ilikuwa moja.

Hesabu nazo zinagongana. Wareno wanaiita Ijumaa "sexta-feira", yaani ya sita; siku inayoifuata ni "sábado", na hesabu inaangukia saba. Wapolandi na Warusi wanaiita Ijumaa kwa neno lenye maana ya siku ya tano, kwa sababu wao wanaanza kuhesabu Jumatatu. Walithuania wamekwenda mbali zaidi: Jumamosi ni "šeštadienis", siku ya sita, na Jumapili ni "sekmadienis", siku ya saba. Hata hapa jirani, Waganda wanaiita Jumamosi "Lwamukaaga", ya sita.

Basi kama ningemwambia kijana yule kwamba lugha zinaithibitisha siku ya saba, Mlithuania angesimama na kusema lugha yake inaithibitisha Jumapili. Naye asingekuwa mwongo.

Tujifunze nini? Majina ya siku yanatueleza juu ya watu waliozipa siku majina: walimwabudu nani, waliogopa nini, walianzia wapi kuhesabu, walioga lini. Ni ushuhuda wa historia, na ni ushuhuda mzuri. Lakini hatukupewa amri ya nne na kamusi. Soma tena Kutoka 20:8–11 uone sababu anayoitoa Bwana mwenyewe. Anataja mbingu, nchi na bahari alivyovifanya, na pumziko lake. Hataji jinsi mataifa watakavyoiita.

Je, umewahi kutetea ukweli kwa hoja dhaifu kwa sababu tu ilikuwa upande wako? Matokeo yake yalikuwa nini kwa aliyekusikiliza?


JUMATANO
Neno Lililogeuzwa Maana

Soma Isaya 58:6–14. Ni mambo gani yanayoweza kuifanya Sabato iwe jina tu?

Neno likikaa muda mrefu vinywani mwa watu, hubebeshwa mizigo ambayo halikuzaliwa nayo. Hebu tuone mizigo minne iliyowekwa juu ya neno hili huko Ulaya.

Wa kwanza ni dharau. Katika Kifaransa lipo neno "sabbat". Ni jina la siku takatifu ya Wayahudi, lakini katika karne za kuwasaka wachawi lilitumika pia kwa mikutano ya usiku iliyodhaniwa kuwa ya wachawi na Shetani. Chuki dhidi ya Wayahudi ilichukua neno takatifu la Biblia na kulivika ushetani. Sisi tunaoishi Usukuma tunajua jinsi tuhuma ya uchawi inavyoweza kumwangamiza bibi kizee asiye na hatia. Tujue basi kwamba hata jina la siku ya Bwana liliwahi kutuhumiwa hivyo.

Wa pili ni kuhamishwa. Kwa Waprotestanti wengi wa Uskoti na Uingereza neno "Sabbath" lilitumika kwa Jumapili, na waliitunza siku hiyo kwa bidii ambayo wengi wetu hatuifikii. Jina lilihamia siku nyingine, ingawa hamu ya pumziko takatifu ilikuwa ya kweli.

Wa tatu ni kugeuzwa kinyume. Mwaka 1919, katika Urusi ya Kisovieti, wafanyakazi wa reli mjini Moscow walianza kujitolea kufanya kazi bila malipo siku ya "subbota". Kazi hiyo ikaitwa "subbotnik", ikaenea nchi nzima, na baadaye watu walitarajiwa kushiriki wapende wasipende. Neno lililozaliwa na kitenzi cha kuacha kazi likawa jina la kazi ya ziada! Tusiwacheke. Ni mara ngapi Sabato yetu imejaa vikao, michango na mazoezi ya kwaya hata mama wa familia anarudi nyumbani jioni akiwa amechoka kuliko siku ya palizi?

Wa nne ni heri kidogo. Vyuo vikuu vingi huwapa wahadhiri likizo ndefu ya kusoma na kutafiti inayoitwa kwa jina lililotokana na Sabato. Asili yake ni mwaka wa saba wa Mambo ya Walawi 25:1–7, ambamo hata shamba liliachwa lipumzike. Hapa kumbukumbu ya maana ya kwanza imebaki.

Soma Marko 2:27, 28. Yesu alilikuta neno hili likiwa limebebeshwa mizigo mingine, ya masharti juu ya masharti. Hakulitupa neno. Alilirudisha lilikotoka: zawadi kwa mwanadamu, chini ya Bwana wake.

Jirani yako asiye Mwadventista akisikia neno "Msabato", anafikiri nini kwanza? Je, maisha yako yameongeza mzigo juu ya neno hilo, au yameuondoa?


ALHAMISI
Jumamosi, Jumatano na Alhamisi

Sasa tumjibu kijana kwa lugha yake mwenyewe.

"Juma" limetokana na Kiarabu na linahusu kukusanyika. Ndilo lililotupa Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa Waislamu. Waswahili wa pwani walianza kuhesabu mara baada ya Ijumaa. Siku inayofuata ni mosi, kisha pili, tatu, nne na tano. Kwa hiyo Jumamosi ni ya mosi kwa maana moja tu: ni ya kwanza baada ya Ijumaa. Hakuna aliyekusudia kupinga Mwanzo 2 wala kuunga mkono.

Lakini itazame siku ya leo. Leo ni Alhamisi. Jina hili nalo ni la Kiarabu, na maana yake ni "ya tano". Jana ilikuwa Jumatano, yaani ya tano. Kiswahili kina siku mbili za tano, moja baada ya nyingine! Kila juma tunazitaja bila kushangaa.

Jambo hili linawezekanaje? Ni kwa sababu katika juma letu moja zimo hesabu mbili. Jumatano ni ya tano ukianzia Jumamosi. Alhamisi ni ya tano ukianzia Jumapili, ambayo Waarabu wanaiita siku ya kwanza. Fuata hesabu hiyo ya pili: Alhamisi ya tano, Ijumaa ya sita, na kesho yake ya saba. Waarabu wanaiitaje siku hiyo ya saba? Wanaiita "as-sabt". Ni neno lile lile, tawi la mti ule ule wa "shabbat". Hata jirani yetu Msomali anaiita "Sabti".

Kwa hiyo Kiswahili hakikutuficha kitu. Kimetunza hesabu mbili katika kapu moja. Kinatunza pia jambo lingine zuri. Tunasema "usiku wa kuamkia Jumamosi", na wazee wa pwani walihesabu siku mpya tangu jua linapozama. Ndivyo Biblia inavyoihesabu Sabato, jioni hata jioni (Mambo ya Walawi 23:32).

Soma Luka 23:54–24:1. Ni siku ngapi zinatajwa hapa, na zinafuatana vipi?

Luka anataja siku tatu: siku ya Maandalio aliyozikwa Yesu, Sabato ambayo wanawake walipumzika kama ilivyoamriwa, na siku ya kwanza ya juma walipolikuta kaburi wazi. Kigiriki cha leo kimezitunza. Ijumaa inaitwa "Paraskeví", yaani maandalio. Kisha "Sávvato". Kisha "Kyriakí", siku ya Bwana kama Wagiriki wanavyoiita Jumapili. Halafu Jumatatu ni "Deftéra", ya pili.

Wengine huuliza kama juma halikuvurugika njiani kalenda zilipobadilishwa. Papa Gregori wa 13 aliporekebisha kalenda mwaka 1582, Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa ya tarehe 15 Oktoba. Tarehe ziliruka, siku hazikuruka. Ufaransa, baada ya mapinduzi yake, ilianzisha juma la siku 10 mwaka 1793. Ilipoingia mwaka 1806 kalenda ile ilikuwa imeachwa. Wasovieti walijaribu majuma ya siku tano, kisha ya siku sita, tangu 1929. Mwaka 1940 wakarudia siku saba. Walipochoka na majaribio yao, watu walilikuta juma lile lile likiwangoja.

Mweleze mtoto wa miaka kumi, kwa kutumia majina ya Kiswahili peke yake, kwa nini Jumamosi ni siku ya saba. Jaribu jioni ya leo.


IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Kutoka 16:22–30. Israeli waliijuaje siku ya saba? Hawakuwa na kalenda ukutani. Waliijua kwa chakula. Siku ya sita mana iliongezeka mara mbili, na siku ya saba uwanja ulikuwa mtupu. Baadhi walitoka kwenda kuokota, wakarudi mikono mitupu. Jaribu lao halikuhusu jina la siku. Lilihusu swali hili: nikiacha kukusanya leo, je, nitakula?

Baada ya Sabato ile ya pili nilikwenda nyumbani kwa kijana yule. Nilimkuta uani na mama yake wakichambua pamba. Nilimwomba radhi kwa kucheka. Kisha nikaanza kumweleza habari za Alhamisi na Jumatano kama nilivyozieleza hapo juu. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akasema, "Nimekuelewa, Mwalimu. Lakini mimi sikuuliza kwa ajili ya mosi. Niliuliza kwa ajili ya ada ya wadogo zangu."

Ndipo nikaelewa. Shemeji yake alikuwa amemtafutia kazi ya ukarani kwenye mizani ya pamba kwa msimu mzima. Jumamosi ilikuwa siku yenye shughuli nyingi kuliko zote, na Jumapili walifunga. Shemeji alikuwa amemwambia kwamba hata lugha yetu yenyewe inasema Jumamosi ni mosi, hivyo asijisumbue. Kijana alikuja darasani akitumaini kwamba ama jina lile lingemfungulia mlango, ama mtu angemwambia kitu kizito kuliko jina. Mimi nilimpa karatasi na kicheko.

Mama yake, bila kuacha kuchambua, akaniuliza, "Darasa lenu lina watu wangapi?"

Nikasema, "Ishirini na wawili, mama."

"Haya," akasema. Hakuongeza neno.

Ningependa kuandika kwamba kijana alipata kazi iliyo bora zaidi juma lililofuata. Hakupata. Ile ya mizani alikwenda mtu mwingine. Lakini darasa lile lilikaa, likahesabu, na ada ya wadogo zake ikalipwa kwa mafungu mpaka dengu zilipovunwa. Sabato iliyofuata alirudi benchi lake la nyuma. Karatasi yangu ya majina ninayo hadi leo, lakini sijaitundika tena bila kuongeza chini yake Kilithuania, Kiganda na Kiswahili.

Kumbukumbu la Torati 5:12–15 linaitaja Sabato pamoja na mtumwa, mjakazi, mgeni na mnyama. Pumziko la bwana shamba lilipaswa kumfikia na yule asiyeweza kujipumzisha. Waebrania 4:9, 10 linaahidi pumziko kwa watu wa Mungu, na neno la Kigiriki lililotumika pale, "sabbatismos", ni tawi lingine la neno letu. Mungu hakuacha pumziko libaki neno. Je, kanisa litaliacha?

Maswali ya Kujadili:

1. Kila mwanadarasa ataje jina la siku ya saba katika lugha ya kabila lake na maana yake. Majina hayo yanatueleza nini juu ya wazee wetu? Hayawezi kutueleza nini?

2. Kuna tofauti gani kati ya ushuhuda unaounga mkono imani na msingi unaoibeba imani? Tumia mfano wa chati ya majina ya siku.

3. Katika kanisa lenu, ni nani anayeona ugumu wa kuitunza Sabato kwa sababu ya mkate: mwanafunzi mwenye mtihani, kibarua, dereva wa bodaboda, mama wa genge? Darasa lenu lina watu wangapi? Mtafanya nini kabla ya Sabato ijayo?

4. Jirani Mwislamu au Mkristo wa kanisa lingine akikuuliza swali la "mosi", utamjibuje kwa heshima, bila kumcheka na bila kujivuna?

5. Rudieni swali la Jumatano. Ni shughuli ipi ya Sabato katika kanisa lenu inayowachosha watu badala ya kuwapumzisha? Ni nani anayebeba sehemu kubwa ya mzigo huo?